Mzimu Usiodai Hautishi

JICHO LA JUMAPILI
Na Halima Semboja

Katika makumbusho ya Louvre, jijini Paris, kuna sanamu ya shaba ambayo kimo chake hakifiki hata shubiri. Uso ni wa mnyama mkali, macho yamemtoka, mabawa ni manne, miguu ni ya ndege mla nyama, mkia ni wa nge. Huyo ni Pazuzu, mfalme wa pepo wabaya wa upepo, aliyejulikana sana Ashuru na Babeli zaidi ya miaka 2,500 iliyopita. Anatisha kweli. Lakini utosini ametiwa pete ndogo ya kupitishia uzi, na pete hiyo inaeleza kazi yake kuliko meno na kucha. Alikuwa wa kutundikwa. Alikuwa hirizi.

Hirizi ya nani? Ya mama mjamzito, na ya mama aliyejifungua. Watu wa nchi zile walimwogopa Lamashtu, binti wa mungu Anu, waliyeamini kuwa hujipenyeza nyumbani, akawagusa wajawazito tumbo na kunyakua vichanga. Kinga yake ilikuwa kumwekea mlangoni aliye mkali kuliko yeye. Kwa hiyo vichwa vidogo vya Pazuzu vilivaliwa shingoni, na vingine vikatundikwa vyumbani. Lipo hapo hapo Louvre bamba la shaba linalosimulia kisa kizima: mgonjwa amelala kitandani, waganga wamemzunguka, na chini yao Lamashtu amepanda punda ndani ya mtumbwi, anarudishwa kuzimu kwa njia ya mto. Pazuzu amelishika bamba lote kwa nyuma, kichwa chake kikichungulia juu, akihakikisha kwamba mama yule mbaya anaondoka.

Desemba 1973 ilianza kuonyeshwa Marekani filamu ya The Exorcist, iliyoongozwa na William Friedkin kutokana na riwaya ya William Peter Blatty. Inaanzia Iraki, na baadhi ya picha zake zilipigwa kwenye magofu ya Hatra. Padri Merrin, mzee anayechimbua vitu vya kale, anaokota kichwa kidogo cha Pazuzu, kisha anasimama uso kwa uso na sanamu yake kubwa. Baadaye tuko Georgetown, Washington, na binti wa miaka 12 aitwaye Regan yuko kitandani akinguruma kwa sauti isiyo yake. Aliyekuwa mlinzi wa watoto amefanywa mwindaji wao.

Nimeanza na Pazuzu kwa sababu yaliyompata yamewapata miungu wengi tangu watu waanze kutengeneza sinema, na kwa sababu yanaeleza, kwa maoni yangu, kwa nini filamu nyingi za kutisha kuhusu miungu na nguvu za giza, zikiwemo zetu, humalizika bila kututisha. Tunashtuliwa na kelele mara tatu nne, tunaziba macho, tunakwenda kulala usingizi mzuri. Kinachokosekana ni haki ya yule anayetisha. Mungu wa kale, au mzimu, au jini, hutisha pale anapokuwa na dai: aliahidiwa akanyimwa, alipewa akaibiwa, alitegemewa kisha akatupwa. Ukimwondolea dai lake unabaki na mnyama mkubwa tu, na mnyama huwindwa akaisha.

Siidharau The Exorcist. Iliteuliwa kuwania tuzo 10 za Oscar ikachukua mbili, na ilistahili. Vile vipimo vya hospitali anavyofanyiwa Regan, sindano ikimwingia shingoni, vinaniumiza hadi leo kuliko kichwa kinachozunguka. Na moyo wa filamu ile ni Padri Karras, aliyefiwa na mama yake huku imani ikimponyoka. Kwa hadithi ya padri aliyepoteza imani, shetani asiye na sababu alitosha. Katika toleo lililotolewa mwaka 2000, mapadri wawili wanapumzika ngazini na mmoja anauliza kwa nini binti huyu. Mwenzake anamjibu kwamba lengo ni sisi tukate tamaa. Jibu hilo linamhusu Karras tangu mwanzo hadi mwisho, na Pazuzu angeweza kupewa jina lingine lolote bila filamu kupungukiwa. Waliokuja nyuma hawakumchukua Karras. Walichukua matapishi na jina la mungu wa watu wengine.

Wakenya wamekwishafikiwa na jambo hili nyumbani kwao. Mwaka 2004 ilitoka Exorcist: The Beginning ya Renny Harlin, na mwaka 2005 ikatoka Dominion ya Paul Schrader. Ni hadithi moja iliyopigwa mara mbili: watayarishaji hawakuridhika na kazi ya Schrader, wakamwita Harlin aanze upya, kisha baadaye wakaitoa na ile ya kwanza. Zote mbili zimewekwa Turkana, wakati wa Waingereza, baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Padri Merrin, ambaye safari hii ni kijana zaidi, anakuta mahali panapoitwa Derati kanisa la kale lililofukiwa na mchanga, na chini ya kanisa kuna hekalu la kipagani ambalo uovu umelala humo.

Waturkana wana Akuj, Mungu aliye juu, mwenye mvua. Wana emuron, mtu anayeoteshwa ndoto na kusoma matumbo ya mbuzi ili ajue mvua iko wapi na adui yuko wapi. Nchi yao ni ya ukame mkali, na hakuna mtu wa pale asiye na swali zito la kumuuliza Akuj mifugo inapokufa. Mwandishi mwenye masikio angepata humo hofu ya kujaza filamu kumi. Badala yake wamechimbiwa chini ya miguu yao shetani wa kuazima, na wao kwa sehemu kubwa wamesimama nyuma ya picha wakingoja kuuawa au kuokolewa. Kinachoniuma zaidi ni kwamba filamu hizo zina dai zito ndani yake, ila si la Turkana. Ni la Uholanzi. Wakati wa vita ofisa wa Kinazi alimlazimisha Merrin achague ni wanakijiji gani wapigwe risasi, na wafu wale wanamwandama. Hilo ni deni la kweli, lina majina na nyuso. Basi kwa nini padri asafirishwe hadi kaskazini mwa Kenya kulipa deni la Uholanzi kwa damu ya Waturkana?

Filamu iliyonionyesha jinsi kazi hii inavyotakiwa kufanywa ni Tumbbad ya mwaka 2018, ya Rahi Anil Barve wa India. Hastar, mungu anayesimuliwa humo, hayumo katika miungu ya Wahindu, waandishi wamemtunga. Lakini hawakutunga sura yake peke yake. Walimtunga pamoja na agano lake. Mungu wa kike wa neema, mama wa miungu wote, alimzaa Hastar kabla ya wengine. Hastar akanyakua dhahabu yote ya mama yake, akataka na nafaka. Miungu wengine wakamshambulia, na mama akamwokoa kwa sharti moja: asahauliwe, asiabudiwe kamwe. Akafungiwa ndani ya tumbo la mama yake, ana dhahabu tele na njaa isiyoisha. Kisha ukoo mmoja wa kijiji cha Tumbbad, katika Maharashtra, ukamjengea hekalu kwa tamaa ya ile dhahabu, na tangu hapo mvua haikatiki kijijini.

Tazama jinsi kila kitu kimefungwa na kingine. Hakuna anayeumia ovyo. Vinayak, mtoto wa ukoo huo, anapokuwa mtu mzima anashuka kwa kamba ndani ya lile tumbo, anachora duara la unga la kumkinga, anamtupia Hastar mwanasesere wa unga, na Hastar anapoufakamia kwa njaa ya enzi na enzi, yeye anachopoa sarafu za dhahabu kutoka kwenye nguo iliyo kiunoni mwake. Sarafu chache kila safari. Anarudi mjini, anauza, anastarehe, fedha zinakwisha, anarudi. Watoto wake wanakua. Siku inafika anaanza kumfundisha mwanawe mazoezi ya kupanda na kushuka kamba kwa haraka, na hapo ndipo mimi nilipoacha kupumua, wakati Hastar mwenyewe hayumo kabisa kwenye picha. Hadithi inakwenda kwa hatua tatu, mwaka 1918, 1933 na 1947. India inapata uhuru, na kwa Vinayak habari kubwa ya uhuru ni kwamba serikali mpya itachukua jumba la Tumbbad lenye njia ya kwenda kwenye dhahabu. Baba na mwana wanaamua kuichukua ile nguo nzima kwa mara moja, wanashuka na wanasesere wengi, na sitasema zaidi kwa ajili ya wasioiona.

Ilipotoka mara ya kwanza haikuvuta watu wengi. Iliporudishwa kwenye majumba ya sinema Septemba 2024 iliingiza fedha kuliko mara ya kwanza. Mungu ambaye hakuwahi kuabudiwa na mtu yeyote duniani amewaingia watu mioyoni, kwa sababu kila mtazamaji anajua mtu aliyewahi kusema kwamba atachota mara hii ya mwisho kisha ataacha.

Iko nyingine, na hii inatugusa karibu zaidi. His House ya Remi Weekes, ya mwaka 2020, inawahusu Bol na Rial, mume na mke waliokimbia vita Sudan Kusini. Serikali ya Uingereza inawapa nyumba chakavu na masharti mengi: wasihame, wakae kwa utulivu, wangoje. Ndani ya kuta kuna kitu. Rial anakijua jina, apeth, mchawi wa usiku anayejulikana kwao, na anajua kwamba hawakumkuta Uingereza. Amevuka nao bahari. Mtazamaji anadhani wanaandamwa kwa sababu binti yao Nyagak alizama njiani. Baadaye ukweli unatoka. Nyagak hakuwa binti yao. Basi la kukimbilia lilikuwa linachukua wenye watoto, Bol akamnyakua mtoto wa mtu, mama yake akipiga kelele nyuma, na mtoto huyo huyo akafa maji. Apeth anadai uhai kwa uhai. Amekaa ukutani kama mdai aliyeamua kulala barazani kwako mpaka umlipe, na huwezi kumwita polisi, maana polisi akija atauliza unadaiwa nini. Hata anayemwonea Bol huruma, nami namwonea, hawezi kusema kwamba apeth anasingizia.

Sasa nije kwetu, maana safu hii imeandikwa kwa ajili ya waandishi wetu wa filamu.

Afrika haikukosa mwanzo mzuri. Living in Bondage, filamu ya Kiigbo ya mwaka 1992 iliyofungua njia ya filamu za video za Nigeria, ina Andy anayemtoa mkewe Merit kafara kwa chama cha siri ili atajirike. Merit anarudi. Anatisha kwa sababu ana dai ambalo hakuna mtazamaji anayeweza kulikataa. Kanda za Nigeria zilifika kwetu, zikapendwa, na watu wetu wakathubutu kutengeneza za kwao. Mussa Banzi alitupa Nsyuka na Shumileta, na kwa hilo anastahili heshima. Ila katika kuiga tuliacha dai la Merit tukabeba vitu vya nje. Lenzi nyeupe machoni. Kucha ndefu za plastiki. Mganga wa shuka nyekundu anayecheka peke yake pangoni. Sauti inayorudia rudia mwangwi. Kisha dakika kumi za mwisho anaingia mchungaji au shehe, anasoma, moshi unatoka, imekwisha. Nimekaa kwenye vibanda umiza vya Dar es Salaam nikaona watu wakicheka mahali ambapo mwongozaji alitaka wapige kelele. Hawakuwa wakorofi. Walijua kwamba kilichoko mbele yao si mzimu.

Walijuaje? Wengi wao wamekulia katika nyumba ambazo mambo haya yana utaratibu. Pwani yetu, pepo anapompanda mtu, fundi hamrukii kumchapa. Anaketi naye. Ngoma inapigwa, ubani unafukizwa, na pepo anaulizwa: wewe ni nani, umetoka wapi, wataka nini. Naye hujibu. Anataka kitambaa cha rangi fulani, marashi, ngoma ya kwao, au analalamika kwamba aliahidiwa kitu na bibi wa huyu mgonjwa na hakupewa hadi leo. Bara nako, ukoo ukipatwa na vifo vya mfululizo, wazee hukaa na swali lao la kwanza ni nani amekosewa, kaburi gani halikusafishwa, tambiko gani limerukwa. Si lazima uamini lolote katika hayo ili uone kwamba ni hadithi tayari, ina chanzo, ina makosa, ina majadiliano, na ina gharama. Waandishi wetu wanamwuliza pepo jina lake, wakati mwingine na alikotoka. Lile swali la tatu hawamwulizi kabisa.

Najua nitaandikiwa kwamba kuonyesha mizimu yenye haki ni kuitukuza. Mimi ni Mwislamu, na jambo hili silichukulii kijuujuu. Lakini Qurani ina sura nzima, ya 72, iitwayo Al-Jinn, na humo majini wenyewe wanasema kwamba miongoni mwao wamo wema na wasio wema. Kumpa kiumbe wa hadithi sababu ya kutenda hakumfanyi kuwa wa kuabudiwa. Na ninyi mnaohofia madhara ya filamu, nawaomba tuhofie pamoja madhara yaliyo mbele ya macho yetu. Huko Shinyanga na Mwanza bibi vizee wameuawa kwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa ushahidi wa macho mekundu tu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni za kupikia wajukuu. Filamu inayomweka bibi wa macho mekundu gizani na kutuambia huyo ndiye uovu, bila kutuambia alifanya nini, alifanyiwa nini na nani, inamrudishia mtazamaji uongo ambao umekwisha kuua watu. Uovu usio na sababu ni rahisi kuubandika kwa yeyote, na siku zote hubandikwa kwa mnyonge. Mwandishi akilazimika kueleza dai, atalazimika kumtazama bibi huyo kama mtu. Hapo sijali tena kama filamu inatisha au haitishi. Najali kwamba hairuhusu panga kuinuliwa kirahisi.

Hadithi za kuanzia hazijapungua. Mwaka 1904 huko Ngarambe, upande wa Rufiji, Kinjeketile Ngwale alipandwa na pepo aitwaye Hongo. Wazee waliosimulia miaka mingi baadaye walisema alitambaa kwa tumbo hadi kwenye lindi la maji akazama humo, jamaa zake wakalala ukingoni wakingoja, na kesho yake akatoka mkavu. Akagawa maji ya kuwakinga watu na risasi za Wajerumani. Wajerumani walimnyonga Agosti 1905, vita dhidi yao vikaendelea hadi 1907, wakafa watu makumi elfu kwa makumi elfu, wengi wao kwa njaa baada ya vyakula kuchomwa. Ebrahim Hussein aliandika tamthilia ya Kinjeketile, iliyotoka 1969, na ni kazi kubwa. Filamu ya kutisha ingeweza kuuliza jambo lingine. Hapa anayedaiwa si binadamu. Hongo aliahidi. Watu walitimiza upande wao, walikunywa, walijipaka, walisimama mbele ya bunduki. Mjane wa Umatumbi akirudi kwenye lile lindi la maji mwaka 1907 kumdai Hongo mumewe, mungu huyo atatoka na uso gani? Sijawahi kuona filamu popote duniani ambayo mungu ndiye anayejificha kwa sababu ya deni.

Au tuwachukue Wagiriama. Mzee wa chama cha Gohu anapofariki, husimikiwa kigango, gogo lililochongwa, lenye kusimama badala yake kati ya waliobaki. Mara nyingi marehemu mwenyewe ndiye huja ndotoni kukidai. Kigango hakihamishwi; familia ikihama, kinaachwa pale kiozee kwenye udongo wake. Mwaka 1985 mtafiti wa Kimarekani alimpiga picha mzee mmoja huko Kilifi akiwa mbele ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda mfupi baadaye vikaibwa. Mwaka 1999, katika mkutano wa wasomi, mtafiti huyo alionyeshwa picha za mwenzake na akakitambua kimoja: kilikuwa kwenye makumbusho huko Illinois. Cha pili kilipatikana katika makumbusho ya Hampton University. Vyote vilirejeshwa Kenya, na mwaka 2007 familia ikapokea mali yake, baada ya miaka ya kuhesabu magonjwa, ukame na vifo na kuamini kwamba marehemu hawakutulia. Vigango vingine mamia viko bado kwenye makumbusho na sebule za watu Marekani, na walioviweka humo waliviona mapambo mazuri ya ukutani.

Kila kitu kimo humo: wafu wenye haki, wizi, dalali, mnunuzi asiyetaka kuuliza, na bahari katikati. Mwandishi kijana wa Mombasa au Tanga anayetaka kuanza asianze kwa kutafuta lenzi nyeupe. Apande gari hadi Kilifi, akae na wazee wa Gohu siku watakazomruhusu, awaulize marehemu anayedai kigango humjia nani kwanza ndotoni, mkubwa wa nyumba au mtoto wa mwisho, husema nini, na hufanya nini asiposikilizwa.